Kuni Zisizovuka Kizuizi

Huko juu Ileje, upande wa Ikinga, ukungu hauna haraka. Unaweza kuamka, ukafagia uwanja, ukapika uji na kuunywa, na bado hujaiona nyumba ya jirani. Watu wa huko wamezoea kusalimiana na sauti kwanza, mwenye sauti atatokea baadaye. Tukuswiga alizaliwa ndani ya ukungu huo, akaolewa humo, akafiwa na mume humo, na alipenda kukaa jikoni kwake mlango wazi, akiota ndoto za mchana hata kabla mchana haujafika.

Aliyekuwa akimuota ni mwanawe, Dina. Na hapo ndipo ninapomkasirikia mama huyu, maana mtu anayemuota mwanawe kila asubuhi si ampigie simu? Hakupiga. Miaka mitatu nyuma Dina, mtoto wake wa pekee, aliteremka Tunduma akaolewa na Aziz, kijana wa Kiislamu mwenye asili ya Kondoa, anayeshughulikia mizigo ya malori pale mpakani. Tukuswiga, mwimbaji wa kwaya tangu usichana wake, alisimama uwanjani mbele ya majirani akatamka: "Mguu wangu hautakanyaga nyumba ile." Haya, maji yakimwagika hayazoleki. Majirani wote walisikia, na yeye alijua kwamba wamesikia.

Sasa katika ukoo wao kuna jambo moja. Mwanamke akijifungua, maji ya kumkanda huchemshwa kwa kuni zilizokatwa na kukaushwa na mama yake mzazi. Si kuni za mume wala za mkwe. Kwa hiyo aliposikia kwa watu kwamba Dina ni mjamzito, Tukuswiga alichukua shoka, akaenda nyuma ya nyumba, akaangusha mti mmoja wa msindano, akaupasua na kuupanga kwenye kichanja juu ya mafiga. Hakumtumia mwanawe hata salamu. Ila kuni zake alizigeuza kila siku kwa miezi mitatu, upande huu, upande ule, akiimba polepole, na moshi ukipita katikati yake. Wakati mwingine alisahau kama anageuza kuni au anambembeleza mtoto.

Jumamosi moja simu ikalia. Alikuwa Aziz.

"Shikamoo, mama. Dina amejifungua mtoto wa kiume. Wote wazima."

"Marahaba. Mungu ashukuriwe," alisema Tukuswiga.

"Ila kuna jambo, mama. Leo siku ya nne, amekataa kukandwa. Anasema hakandwi mpaka kuni za mama yake zije. Mama yangu amembembeleza mpaka amechoka. Tunaogopa ataumwa."

Siku nne! Tukuswiga alijua mwili wa mzazi asiyekandwa, tumbo linavyokaza, mgongo unavyouma. Akafunga mzigo wake kwa kamba ya magome, na katika kuchagua hakufanya mchezo. Alichukua zile zinazodondosha unga. Bibi yake alimfundisha kwamba kuni ikigongwa ikatoa unga, hiyo imekauka mpaka moyoni.

Tatizo ni karantini. Tangu mvua zianze, misindano ya huko ilikuwa ikikauka kuanzia kileleni, kwa sababu ya mdudu mdogo anayetoboa miti. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ghala na kusomwa kanisani: kuni zichomwe zilikokatwa, anayekwenda kwingine akanunue hukohuko. Tukuswiga alilisikia vizuri, tena mara mbili. Akadhani linawahusu watu wa mbao. Matangazo huwa ni ya wengine siku zote, sivyo?

Aliko, jirani yake mwenye Fuso la kubeba maharage, alipoona mzigo ule akatikisa kichwa.

"Sithubutu, mama. Gari litashikiliwa. Labda twende wote mpaka kizuizini kwa watu wa misitu, ukawaombe mwenyewe. Wakikubali nitazifikisha, wewe urudi."

Tukuswiga akakubali, kwani kizuizini si nyumbani kwa Dina. Akapanda na nguo zake za jikoni na ndala miguuni. Njia nzima gari lilishuka ndani ya weupe, miti ikitokea na kupotea, naye akamwona Dina wa miaka minne amekaa ndani ya beseni, akipiga maji kwa viganja na kucheka. Akatabasamu peke yake. Aliko akamwacha atabasamu.

Kizuizini alikuwepo bwana misitu, Eliakim, kijana mpole mwenye daftari.

"Shikamoo, mama. Umebeba nini?"

"Kuni za mzazi, baba. Kavu kabisa. Ona!"

Akachukua vipande viwili akavigonganisha, na unga ukamwagikia viatu vya Eliakim. Jamani! Watu hukamatwa kwa kuchongewa, huyu alijichongea mwenyewe, tena kwa madaha. Eliakim akachutama, akabandua gome kwa kisu. Chini ya gome kulikuwa na vijia vyembamba, vikipinda na kukutana. Mwisho wa kijia kimoja mdudu mweusi, mdogo kama punje ya mchele, alikuwa anatembea bila wasiwasi wowote. Tukuswiga alimtazama kwa muda mrefu. Vile vijia vilikuwa vizuri, hawezi kusema uongo.

"Huyu ndiye tunayemzuia, na unga huo ni kazi yake," alisema Eliakim. "Akifika mji wa Mpemba, akifika Tunduma, miti ya watu imekwisha."

"Miezi mitatu nimezigeuza."

"Pole sana, mama. Itabidi tuzichome hapa. Za mwanao nunua za kulekule."

"Kuni za kununua zina mama?"

Swali hilo halikuwemo kwenye daftari la Eliakim. Alikuna shingo, akatazama barabara, mwisho akasema, "Wewe unaruhusiwa kupita, mama. Kuni ndizo haziruhusiwi."

Wakazitia kwenye shimo lililokuwa kando ya barabara. Tukuswiga akakaa kwenye jiwe akaziangalia zikishika moto, maana hakutaka ziungue peke yake. Ziliwaka vizuri mno, hilo lilimuuma kuliko yote. Moshi ukalala chini, ukateremka na barabara kuelekea Tunduma, ukapita kizuizi na hakuna aliyeuuliza kitu. Akawaza majirani na uwanja na lile neno lake. Akawaza siku nne. Kichwani alimwona Dina amelala ubavu, anaangalia mlango. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Moto ulipobaki majivu akainuka, akapanda tena kwenye Fuso.

"Twende."

"Wapi, mama? Nilidhani unarudi."

"Unaniuliza mimi njia? Kwani dereva nani?"

Tunduma ilimpokea kwa jua na vumbi. Malori yalikuwa yamepangana mpaka macho yanachoka, yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, na madereva wakilala chini ya matela. Wauza vocha, wabadili fedha, Kibemba huku, Kiswahili kule. Tukuswiga alipita katikati ya hayo yote kama mtu anayetembea usingizini, mpaka alipofika kwa mzee Mbonile, muuza kuni wa mtaa wa Sogea.

"Zimekatwa wapi hizi?"

"Hapahapa, mama. Kile kisiki unakiona kule? Ndiko zilikotoka."

Akaanza kuchagua. Alinusa moja, akaiweka. Alikwangua gome la nyingine kwa kucha. Aligonga mbilimbili akisikiliza, na safari hii iliyotoa unga aliitupa mbali. Mzee Mbonile alimvumilia, akamvumilia, mwisho akashindwa.

"Mama, unachagua kuni au mchumba?"

"Ni za kumkandia mwanangu. Kajifungua."

"Aa! Ungesema mapema." Mzee akaingia ndani, akatoka na kipande kinene, kikavu, akakiweka juu ya mzigo. "Hiyo nyongeza. Ya mjukuu."

"Ndaga, asante," alisema Tukuswiga, na machozi yakamlengalenga kwa sababu ya mtu asiyemjua kabisa.

Akajitwika mzigo, akaulizia njia. Mlangoni kwa Aziz alisimama kidogo, akautazama mguu wake wa kulia, kisha akauvusha.

"Hodi."

Aliyetoka ni Bi Zakia, mama yake Aziz, mtandio begani na mtoto mkononi. Walikuwa hawajawahi kuonana. Bi Zakia akatazama kuni, akatazama ndala zenye vumbi, akaelewa.

"Karibu, mkwe wangu. Karibu sana. Ngoja nizime gesi."

Wakawasha moto uwanjani, wamechutama pamoja, wakipokezana kupuliza. Kuni za Mbonile zilijivuta mwanzoni, zikatoa moshi, wakakohoa wote wawili na kucheka. Kisha zikawaka. Maji yalipochemka Tukuswiga akayabeba mpaka chumbani, akamkuta Dina amekaa kwenye kigoda, kanga kifuani, uso umevimba kidogo.

Tukuswiga alichovya taulo, akalikamua, akaliweka mgongoni kwa mwanawe. Dina akashusha pumzi.

"Hizi ndizo kuni za nyumbani?"

"Hapana. Za nyumbani zilikuwa na wadudu, zimechomwa kizuizini. Hizi nimenunua hapo Sogea."

Alisubiri Dina akasirike. Dina aliinamisha kichwa tu.

"Na kama wangeziruhusu kupita, mama, ungekuja?"

Tukuswiga angeweza kudanganya, na mimi ningemwelewa. Lakini mikono yake ilikuwa juu ya mgongo wa mwanawe.

"Nisingekuja. Ningempa Aliko, nigeuke nirudi."

"Nilijua," alisema Dina. "Mimi nilikuwa tayari kukandwa na mama Aziz tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakutaka wewe. Lakini nikisema nakutaka wewe, hutakuja. Ndiyo maana nikamwambia Aziz aseme kuni."

Taulo lilipoa mkononi mwa Tukuswiga. Alilia bila kujificha, mdomo wazi, mpaka Bi Zakia akachungulia mlangoni na kurudi taratibu.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekutesa bure."

Dina akageuza mkono nyuma, akaushika wa mama yake, akaubana.

"Kanda, mama. Maji yanapoa."

Akakanda.