Pampu ya Arusi ya Shangazi Mwanaidi

Pampu inayozunguka bila maji ina sauti yake, na nikiisikia popote mwili wangu wote huamka. Juzi niliisikia kwa jirani yangu hapa Mapinga: mvumo mwembamba, mkavu, halafu ile harufu ya mota inayoanza kupata moto. Nilikuwa nakata mchicha. Niliacha kisu palepale, nikajitanda kanga, nikaenda kupiga hodi kwa watu ambao tunasalimiana tu. Nikawaambia wazime haraka, maji yanarudi kisimani. Walinitazama kwa mashaka, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika Bagamoyo, uani kwetu, wiki ya arusi ya Shangazi Mwanaidi.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake Baba. Kisima cha uani kilikuwa chake zaidi ya nyumba. Tulivuta maji kwa ndoo na kamba, na mvutaji mkuu nilikuwa mimi, kwa hiyo Mama alipomshawishi Baba anunue pampu niliona dua zangu zote zimejibiwa kwa mpigo. Mama alikuwa mtu wa Lugoba, alikokulia akifuata maji mbali, na tangu aolewe alikuwa na hamu moja tu, kufungua bomba ndani ya ua. Bibi hakukataa. Alisema maji yaliyopita kwenye mashine atayaamini akishayaonja.

Mjue kwamba Bibi alikuwa mtu wa kuchuja. Tui kila mtu anachuja. Yeye alichuja na chai, na mafuta ya taa, na maji ya kisima kabla hayajaingia mtungini. Kunywa maji yasiyochujwa mbele yake ilikuwa kama kula mchana wa Ramadhani.

Fundi Hamadi akaja, akaifunga pampu kando ya kisima, akaandaa bomba jeusi la plastiki la kuteremsha majini. Mwisho wa bomba aliweka valvu, akanionyesha kabla ya kuizamisha: kidude cha shaba chenye kifuniko ndani. Maji yakivutwa kifuniko kinafunguka, yakitaka kurudi kinajifunga. Nikaingiza kidole, nikakisukuma, kikajirudia chenyewe kwa kamlio kadogo. Nilikipenda hapohapo, nikamwomba anipe kimoja nichezee. Alicheka tu.

Pampu ikafanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa. Bibi alionja maji, hakuyakataa, ila alilalamika kwamba chini ya bilauri anaona chembe za mchanga. Halafu arusi ilipokaribia, mashine ikaanza vituko. Kila ikizimwa, asubuhi haivuti. Ilibidi tuinyweshe kwanza, yaani kumimina maji kwenye tundu lake la juu hadi lijae, ndipo iwashwe. Mwanzo ilitaka jagi moja. Baadaye ikataka ndoo nzima. Mwishowe ikawa inakunywa tu na haitoi hata tone.

Jumatano, arusi ikiwa Ijumaa, wanawake wa mtaani walikuja kuchagua mchele wa pilau. Bibi akatamka mbele yao, kwa upole wake ule unaouma, kwamba nyumba ya arusi haiwezi kungoja mashine. Alasiri ikiingia bila maji, bomba litolewe na kamba irudi, na pampu asiisikie tena ikitajwa. Wanawake wote wakamtazama Mama. Mama akainama kuokota kitu ambacho hakikuwapo. Mimi niliitazama kamba iliyoning'inia ukutani, nikaona maisha yangu yamekwisha.

Bibi alipotoka na wenzake kwenda kuazima masufuria makubwa, Mama alimpigia simu Fundi Hamadi. Alikuwa Makurunge kwenye kazi, hangeweza kurudi kabla ya Jumamosi. Lakini alikuwa mtu mwema, akamwelekeza Mama pole pole, simu ikiwa imewekwa kwenye spika ukingoni mwa kisima. Jazeni maji kwenye tundu hadi juu kabisa, alisema, msiwashe, mtazame. Yakishuka, panguseni viungo vya bomba kwa mkono mkavu. Vikiwa vikavu, basi maji yanapotelea chini.

Nilimimina mimi. Maji yakapanda hadi mdomoni mwa tundu, yakatulia yakimeremeta, nikabana pumzi. Kisha, taratibu, yakaanza kuzama. Nikalaza sikio kwenye bomba lililokuwa limepata joto la jua, na humo ndani nikasikia mlio mdogo wa kitu kinachoteremka.

"Mama, yanarudi," nikasema. "Nayasikia yanarudi."

Mama alipangusa viungo vyote. Vikavu. Kwenye simu fundi akasema ni valvu haijifungi, vuteni bomba mwone imekula nini.

Kisima cha pwani si kirefu, lakini bomba lililoota utelezi halishikiki. Tulivuta, likatuponyoka, tukavuta tena, nikaanguka matakoni. Dirishani palisikika kicheko. Shangazi Mwanaidi alikuwa amewekwa ndani, amesingwa liwa na manjano kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu, jua lisimwone hadi Ijumaa. Mara mlango wa uani ukafunguka, naye akatoka na kanga kichwani, mwili wote manjano matupu. Mama akamsihi arudi, watu wakimwona watasema nini.

"Wifi, anayeolewa ni mimi," akasema. "Nikikosa maji hiyo Ijumaa, hii liwa nitaibandua kwa kisu?"

Akashika bomba. Nilicheka hadi nikaishiwa nguvu, na Mama naye akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Tukavuta watatu, na mwisho wa bomba ukachomoza.

Ulikuwa umefungwa kitambaa. Kimezungushwa vizuri juu ya valvu na kukazwa kwa uzi, kama mtu anavyofunika mdomo wa mtungi. Kilikuwa kimechakaa majini, na nyuzi zake zilikuwa zimefyonzwa ndani, zimekikaba kile kifuniko changu kisiweze kujifunga. Na pindo lake lilikuwa jekundu. Kanga ile niliijua. Bibi alikuwa akiifunga kichwani akipika. Lazima alilivuta bomba mwenyewe baada ya kuona ule mchanga, kabla halijaota utelezi.

Nilipiga ukelele wa furaha. Nilijiona bingwa! Nilikuwa tayari kukimbia mtaa mzima kutangaza kwamba pampu haina kosa, Mama hana kosa, mwenye kosa ni Bibi na kuchuja kwake. Mama alikifungua kile kitambaa taratibu, akakitazama, akamtazama Shangazi. Kisha akatoa nyuzi moja moja kwa pini ya ushungi, akaisuuza valvu, akanipa niisukume kwa kidole. Ikajifunga.

Tukateremsha bomba, nikajaza tundu. Maji yalipanda hadi mdomoni, yakasimama. Tukangoja. Yakaendelea kusimama. Mama akasema bismillahi, akawasha, na ule mvumo mkavu ukawa mzito, bomba likatetemeka, kisha maji yakaruka kwa kishindo yakatulowesha sote. Shangazi alirukaruka chini yake, liwa ikamtiririka hadi miguuni, na kazi ya siku nyingi ikaishia mchangani. Sijapata kuona bi arusi mwenye furaha kama yule.

Bibi aliingia na sufuria kichwani, akatukuta hivyo. Aliuliza ilikuwa na nini. Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

"Majani tu, mama," akasema. "Yalinasa kwenye valvu."

Kitambaa kilikuwa kibindoni mwake. Nilikiona kinavyomlowesha kiunoni. Akaendelea, kwa adabu, kwamba maji haya bado yana mchanga kidogo, yanataka kuchujwa pale yanapotokea bombani, na hapa ndani hakuna ajuaye kufunga kitambaa kama yeye. Bibi akatua sufuria. Akaenda ndani, akarudi na kitambaa safi, akakifunga mdomoni mwa bomba kwa mikono yake, akajaza bilauri, akanywa yote.

Mimi nilinuna hadi pilau ya Ijumaa ilipopakuliwa. Ushindi wangu ulikuwa umefichwa kibindoni, na nilimwona Mama mwoga. Nilidhani siku ile kilichokuwa hatarini ni viganja vyangu. Sikujua kwamba mbele ya wale wachagua mchele aliyekuwa akipimwa ni mgeni wa Lugoba katika nyumba ya mama mkwe wake, na kwamba alikuwa ameshika mkononi kitu cha kumshindia, akachagua kukificha.

Nilimuuliza nilipokuwa nimeshaolewa nami, nyumbani kwa watu. Kwa nini hakusema, na haki ilikuwa yake? Mama alinishangaa kidogo.

"Maji tungeyapata vilevile," akasema. "Lakini mle ndani ningeishi na nani?"