Ng'ombe wamekula tanga langu

Jamani, ng'ombe wamekula tanga la chombo changu! Nimebakiwa na kipande cha kufutia mikono.

Mnajua nilivyohangaika na ule mtepe, chombo cha kale cha pwani kinachoshonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Wangu ni mdogo, wa watu wawili, tanga lake la mkeka kama la zamani. Baba amesafiri kutoka Kilwa kuja kuuona ukielea. Kesho asubuhi anarudi.

Leo tumeufikisha lamboni, bwawa la kunyweshea mifugo hapa Ihanda, mbali kabisa na bahari. Nimegeuka kidogo tu kukaza kamba...

Mwenye ng'ombe, Baba Joseline, akaokota kile kipande, akakinusa.

"Umekitia nini?"

"Nililowesha tanga kwenye maji ya chumvi. Linukie bahari."

"Chumvi? Basi umewaita mwenyewe!"

Sijui nicheke au nilie. Upepo mzuri unapita bure, hata kukaa chini siwezi. Aliyeko hapo mjini Bugene na turubai la kufanya tanga, apande bodaboda SASA HIVI.

Mtepe wenyewe unaelea. Baba keshaingia na kanzu yake, ametulia tuli.

Nimemwambia, "Baba, shuka kwanza, tanga hakuna."

"Nishuke wapi, mwanangu? Hatujafika."