Dume Aliyekuja na Kuni

"Mama Arasa, umenichomea dume," mpangaji wangu alilalamika mlangoni mwa jiko. "Alikuwa kwa hilo gogo. Una deni langu." Nikamwambia kuni ni zangu, na mimi sichungi buibui. Alikuwa ametumwa kutoka Nairobi kuandika habari za buibui mpya wa msitu ulio juu ya mashamba yetu ya chai. Majike alikuwa nao, kwenye chupa za spiriti, lakini bila dume, wakubwa wake hawangekubali kwamba ni aina mpya, na miezi yake yote huku ingekuwa bure. Huongea polepole kama mtu aliye kanisani, hata akiomba chumvi. Chai yangu hupoa mezani kwake akihesabu nywele za mguu wa buibui, na kabla ya kumtumbukiza yeyote kwenye spiriti humwambia, "Pole."

Jumatano nikifungua mzigo wa kuni, kitu kidogo kikatimka. Nilikuwa nimeshashika ndara, lakini nikamfunika kwa kikombe, nikamwita mpangaji. Alipiga magoti kwenye majivu na lenzi yake, na suruali nzuri hivyo.

"Angalia hii mikono ya mbele, mama. Imevimba kama ya bondia aliyevaa glavu. Jike hana."

"Kwa hivyo ni yeye?"

Alicheka kwa sauti ambayo sikujua anayo, mpaka kuku wakatoka nje.

"Deni limeisha," akasema, akaondoka na buibui wake, na kikombe changu pia. Nikamwachia.