Chumba cha Joto cha Gervasi

Gervasi Sulle wa kijijini kwetu Daudi analima vitunguu saumu, anafuga ng'ombe wanne, na anajua kila kitu. Hayo mawili ya kwanza nimeyahakikisha kwa macho yangu. La tatu tumeachiwa tuamini, maana ukimbishia leo, kesho asubuhi atakuja mlangoni kwako kuendelea pale mlipoishia.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Hilda, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Pangani niliyepangiwa kazi huku milimani miaka tisa iliyopita. Nilipofika nilitafuta chumba kama tunavyotafuta kwetu: nikachukua chenye madirisha mawili makubwa yanayotazama bondeni, nikajiona nimepata. Usiku wa kwanza nililala na koti, soksi jozi mbili, na juu ya shuka nikatandika zulia. Asubuhi Gervasi alisimama uani, akayatazama yale madirisha, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu, umekodi chumba au umekodi upepo?"

Akaita watu waje waone. Walikuja, tena wengine na watoto. Halafu, sitamnyima haki yake, akarudi na magunia mawili na misumari, akaniziba madirisha bila kudai hata ahsante. Lakini kile kicheko nilikiweka mahali.

Mkewe Letisia ni mtu wa maneno machache, nadhani kwa sababu mengine yote yamekwisha kuchukuliwa. Kwa miaka kumi na saba ya ndoa ameamka saa kumi na moja alfajiri, baridi ikiwa bado imekalia nyasi, akawasha moto, akachemsha maji, akakamua, akawapikia uji watoto watatu na baba yao. Mwaka jana vitunguu vilipata bei nzuri, na Gervasi akatangaza kwamba Desemba, shule zikifungwa, atawapeleka wote Dar es Salaam kwa siku nne. Akamuuliza mkewe anataka kuona nini huko. Bahari? Maghorofa? Treni ya umeme?

Letisia alifikiri kidogo. "Mimi nataka asubuhi moja nilale mpaka niamke mwenyewe," akasema. "Nisiamshwe na mtu wala na kazi."

Gervasi hakubisha, jambo ambalo hatujalizoea. Lilimwingia. Akalitafakari siku mbili akiwa shambani, na kwa hizo akili zake akafikia uamuzi kwamba kinachomwamsha Letisia ni baridi. Mtu akiwa amelala penye joto, aamke afuate nini? Basi kazi ikawa moja: apate chumba cha familia, cha bei ya mkulima, chenye joto la kutosha. Haya ya Letisia mimi sikuyajua wakati ule. Ningeyajua, ningefungua mdomo mapema, na ninalisema hili kwa aibu.

Jumamosi moja walikaa kwenye benchi nje ya nyumba yao, na mimi nilikuwa nao nasahihisha mitihani. Binti yao mkubwa, Brightness, wa kidato cha tatu, ndiye aliyeshika simu akitafuta madalali, sauti ameifungulia wote tusikie.

"Mzee, hiki kina AC," alisema dalali wa kwanza. "Unabonyeza tu, baridi inapuliza chumba kizima."

"Yaani nilipe hela nipulizwe baridi?" Gervasi aling'aka. "Baridi ninayo hapa, tena ya bure! Njoo na gari nikupakilie."

Wa pili alikuwa na chumba ghorofani, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. "Watoto wangu wana vifua," Gervasi akamjibu, akamwashiria binti akate. Wa tatu alisifia kivuli cha kutwa nzima. Huyo hakujibiwa hata salamu ya kuagana.

Wa nne alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka kudanganya. "Mzee wangu, nitakuwa mkweli. Kipo chumba kikubwa Mbagala, vitanda vitatu, familia yote inaenea. Ila kina joto."

Gervasi akasimama. "Joto kiasi gani?"

"Jingi, mzee. Kimeshikana ukuta na tanuri la mikate."

"Linawashwa saa ngapi?"

"Saa tisa usiku mpaka saa nne asubuhi. Wengi wakisikia hivyo wanaghairi."

"Paa?"

"Bati tupu, hakuna dari."

"Madirisha?"

"Moja. Dogo."

Gervasi aliifunika simu kwa kiganja, akamwinamia mkewe. "Mama Brightness, Mungu ametuona." Kisha akabadilisha sauti, akajifanya hakimvutii sana, akaomba punguzo. Dalali kwa kuona haya alipunguza palepale karibu nusu. Gervasi akauliza kama kuni za tanuri zinalipiwa tofauti. Akaambiwa hapana. Alipomaliza alitembea kutoka benchi hadi zizini na kurudi, kifua mbele. "Halafu wanasema watu wa Dar wajanja!"

Ndipo akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni mtu wa huko chini. Chumba cha namna hiyo kitatufaa?"

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nikayakumbuka madirisha yangu. Nikawakumbuka wale watu walioitwa na watoto wao.

"Kwa upande wa joto," nikamwambia, "hutajuta."

Na sanduku langu nikamwazima.

Waliondoka Jumatatu na masweta mwilini, gunia moja la vitunguu saumu kwa ajili ya wenyeji, maana huku hatuendi kwa watu mikono mitupu, na gunia lingine la mablanketi manne ya manyoya. Yaliyofuata nimeyasikia kwa Letisia na kwa Brightness. Ya Gervasi mwenyewe nimeyasikia pia, nikayagawanya kwa mbili.

Mwenye nyumba, mwanamke mnene mcheshi aitwaye Mama Getruda, aliwapokea vizuri, watoto wakamwamkia, akaitikia. Gunia la mablanketi lilipofunguliwa akauliza, "Baba, umeleta mzigo wa kuuza?"

"Ya kujifunika," Gervasi akasema.

Mama Getruda alimtazama vizuri. Halafu akaita wapangaji wake waje waone. Brightness anasema walikuja wote, na mmoja alikuwa na sabuni masikioni.

Saa tisa usiku tanuri liliwashwa. Sina haja ya kueleza sana. Kufika alfajiri Letisia alikuwa amekaa uani juu ya ndoo iliyofunikwa, kanga imeloa maji mabegani, macho makavu kabisa. Watoto walikuwa wamelala sakafuni wakipokezana kuwa karibu na mlango. Vitunguu vilivyoegemezwa ukutani vilikuwa vimeanza kuiva, na uani kote kulinukia pilau ambayo hakuna aliyeipika.

"Mwili haujazoea tu," Gervasi akasema. Alikuwa bado amevaa sweta. Hilo Brightness ameniapia.

Siku ya kwanza walikwenda Kigamboni kuona bahari. Gervasi aliionja, akathibitisha kwamba ni ya chumvi. Letisia alikaa mchangani, upepo ukampiga, kichwa kikaanza kuinama, na alipokuwa anakaribia kabisa kuzama usingizini, yule mtoto wao mdogo akaja mbio akilia kwamba kaa amemfukuza. Basi. Usiku wa pili tanuri likawashwa, Letisia akarudi kwenye ndoo yake. Usiku wa tatu hivyohivyo. Wala hakulalamika, na afadhali angelalamika.

Asubuhi baada ya usiku huo simu yangu ililia nikiwa nachambua maharage.

"Mwalimu," alisema Gervasi. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kumsikia nayo. "Leo ndiyo usiku wetu wa mwisho. Mama Brightness hajalala hata lepe. Alikuwa ameniomba kitu kimoja tu." Akaniambia ni kipi. Maharage yakanitoka mkononi. "Wewe ulijua hiki chumba kitakuwa hivi?"

Ningeweza kudanganya, kilomita ni nyingi. "Nilijua," nikasema. "Nisamehe, Baba Brightness. Ni yale madirisha."

Nikasikia mkate ukipigwapigwa upande wa pili wa ukuta.

"Kumbe yalikuuma," akasema.

"Yaliniuma sana."

"Sasa nifanyeje?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia swali hilo likitoka kwa Gervasi Sulle. Nikamwambia atoe magodoro uani, amwombe mwenye nyumba chandarua kikubwa, akifunge kwenye nguzo za kamba ya nguo, na mablanketi asahau kabisa kama yapo duniani. Mama Getruda alicheka, akatoa chandarua, na kwa kilo tatu za vitunguu vilivyokuwa bado vibichi akaongeza mkeka.

Alfajiri ya mwisho Gervasi alifumbua macho ilipofika saa kumi na moja. Kulikuwa na upepo mdogo. Akatazama pembeni: Letisia alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja nje ya shuka. Gervasi hakuthubutu kujigeuza. Kisha mlango wa tanuri ukafunguliwa na wafanyakazi wakatoka na sinia za mikate, wakipiga soga kwa sauti.

Akatambaa kutoka kwenye chandarua kwa magoti. "Jamani," akawanong'oneza, "mke wangu amelala."

"Kwani anaumwa, mzee?"

"Hapana. Amelala."

Wakapita kwa ncha za vidole. Akaja muuza maji na mkokoteni unaolia gurudumu. Gervasi akaushika upande wa nyuma, wakaubeba wawili hadi getini. Mama Getruda akawasha redio ya habari. Akamwomba aizime, mama wa watu akazima katikati ya salamu. Jogoo wa jirani alipanda ukutani, Gervasi akamrushia ndala, ikaenda upande wa pili, haikurudi. Ndipo yule mdogo akaamka na kusema, kwa sauti ya watoto wa milimani wanaoitana kutoka kilima hadi kilima, "Uji uko wapi?"

Gervasi hajawahi kupika uji. Alipofika kwenye jiko la mkaa akiwa na ndala moja, wapangaji wanawake wanne walivuta viti. Aliwasha mkaa kwa nusu saa, machozi yakimtoka. Akamwaga maji ya kwanza. Maji ya pili yakachemka, akatia unga wote mkavu kwa mkupuo. Uji ukawa na madonge ya ukubwa wa vitunguu vyake mwenyewe. Brightness alitaka kumsaidia, akamkataza kwa mkono, akaendelea kukoroga, jasho linachuruzika, na hao wanawake wamejiziba midomo kwa kanga wasije wakaangua kicheko na kumwamsha mtu. Watoto waliutafuna uji ule bila neno.

Saa tatu asubuhi, jua limeshafika kwenye chandarua, Letisia alijinyoosha, akakaa. Watu wote uani walikuwa wanamtazama. Gervasi alisimama mbele yake na bakuli, unga mpaka kwenye nyusi.

"Umeamka mwenyewe?" akauliza.

"Nimeamka mwenyewe," akasema Letisia. Mama Getruda akapiga kigelegele, na redio ikaruhusiwa.

Waliporudi Daudi, Gervasi alinirudishia sanduku, na ndani yake alikuwa ameweka kibakuli cha chumvi. Alisema ni ya baharini, ila kilikuwa na lebo ya duka. Hatukuzungumza tena habari ya madirisha. Letisia ndiye aliyekuja kwangu Jumapili baada ya misa, tukawa tunamenya viazi, nikamwambia nimefurahi kwamba alau siku moja alilala mpaka saa tatu.

Akaangalia mlangoni kwanza.

"Sikulala, Mwalimu. Niliamka saa kumi na moja kama kawaida, hata kabla yake. Mwili umezoea."

"Saa zote hizo nne ulikuwa macho?"

"Nilifumba tu. Nilimsikia akibeba mkokoteni wa watu. Nilimsikia na jogoo. Aliposema 'mke wangu amelala', nikajua nikifumbua, yataisha." Akakata kiazi vipande viwili, macho yamemlowa, na huku anacheka. "Ule uji nao. Nilikuwa nasikia madonge yakigonga sufuria, nimeng'ata shuka nisicheke."

Nilitaka kulia na mimi, nikasingizia moshi.

Sasa shule zimefunguliwa, Januari, ukungu umetulalia. Juzi alfajiri niliwahi zamu, nikapita nyuma ya nyumba yao kukiwa bado na giza. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwao, na ndani mwanamume alikuwa akikohoa, akipuliza, akigombeza kuni kwa sauti ya chini kabisa. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa limefungwa kimya. Nilivua viatu nikapita kwenye majani yenye umande kwa kunyata, nisije nikamwamsha mtu aliyekuwa macho.