Dakika Tano za Julienne

Julienne alishuka kwenye pikipiki pale Kabambare akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na kwa muda hakuweza hata kunyoosha miguu. Motari aliyemleta alimshika mkono akamuuliza, "Mama, uko muzima?" Akajibu kwamba yeye ni mzima, ila mgongo umebaki huko njiani. Alikuwa ametoka Kasongo alfajiri, na sasa jua lilikuwa linainama. Mwanamke mwenye wajukuu ana haja gani ya kurushwarushwa kwenye mashimo siku nzima? Haja alikuwa nayo. Alikuwa anatafuta dakika tano.

Ngoja niwaeleze, maana hata Kasongo kwenyewe watu hawaielewi vizuri kazi ya huyu mama. Wanamwona anapita na begi begani, wanasema "Julienne wa kamera", basi, yameisha.

Kaka yake, Emile, ndiye aliyeleta kamera mtaani kwao. Alikuwa anapiga video za harusi, za matanga, za ubatizo, na Julienne alikuwa anambebea batri na waya. Siku moja wakaitwa Nyangwe, kwenye harusi ya Waislamu wenye duka. Emile akawapiga picha wanaume wakati wa nikaha, akawapiga wakila pilau, vizuri kabisa. Alipogeuka kuelekea nyumba ya wanawake, mashangazi wa bibi harusi wakasimama mlangoni. Mwanaume haingii! Ndani humo wanawake wako vichwa wazi, wanacheza, wanamfunda binti yao, wanasema mambo yao. Emile akabembeleza, akaapa, akasema atapiga huku amefumba macho. Jamani, kamerameni wa kufumba macho! Mashangazi wakacheka sana, lakini mlangoni hawakutoka. Mwisho mmoja wao akamnyooshea Julienne kidole: "Na huyu mwanamuke, hajui kushika hiyo mashini?"

Hakujua. Aliingia nayo hivyo hivyo, akajifunzia humo ndani. Picha zilitikisika, vichwa vingine vilikatwa, lakini wanawake walipojiona kwenye televisheni walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Toka siku ile Julienne, Mkristo wa watu, akawa kamera ya wanawake wa Kiislamu, Kasongo, Nyangwe, Wamaza mpaka Kabambare. Sharti lilikuwa moja, na mashangazi hawakulilegeza hata kidogo: harusi ikiisha, kila kitu anakiacha pale pale, mkononi mwa mama wa bibi harusi. Kwenye kamera hakibaki kitu. Nyumbani kwake hakibaki kitu. Alilikubali sharti hilo, tena kwa fahari, kwa sababu ndilo lililomfungulia milango yote.

Miaka ikaenda. Vijana aliowafundisha kushika kamera wakamwacha. Mmoja yuko Bukavu anafanya reportaji, mwingine yuko Kinshasa anawapigia wanamuziki video. Emile mwenyewe alichoka akafungua duka la saruji. Kuna wakati televisheni ndogo ilifunguliwa Kasongo, Julienne akapata kazi, akashona na kikwembe kipya cha kuvaa kazini. Jenereta ikafa, na televisheni ikafa nayo, na picha alizoipigia zikapotelea humo. Likaja shirika kutengeneza filamu ya malaria, na kazi waliyompa ikawa kubeba miguu ya kamera. Amechoka, ndugu zangu. Bega la kulia limeshuka, magoti yanalia kila akichuchumaa kupiga picha za hina ya miguuni mwa bibi harusi.

Ndipo simu ikaja kutoka Kindu. Televisheni moja ya huko ilikuwa inatafuta mwanamke wa kamera, kazi ya kudumu, mshahara kila mwezi, na siku nyingine ni kukaa tu kwenye chumba cha montaji, kukata na kuunganisha picha. Kukaa! Kwenye kiti! Hapo ndipo moyo wake ulipotekwa. Direkta wao, bwana mmoja anaitwa Gédéon, alizungumza kwa heshima: "Mama, sifa zako zimetufikia. Nitumie dakika tano za kazi yako, yoyote ile, nione namna unavyotazama watu. Ila Ijumaa isipite."

Akapekua begi, akapekua kabati, akapekua mpaka chini ya kitanda. Hakuna. Kazi ya maisha mazima imelala kwenye masanduku ya watu wengine. Akawaza ni wapi pa kuanzia, na akili ikaenda moja kwa moja kwenye harusi ya Soraya. Ile alijua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba hajawahi kupiga nyingine nzuri kama ile. Na Soraya aliolewa Kabambare.

Soraya alimpokea kwa kelele. "Mama Juli! Ni weye kweli? Karibu, karibu, maji ya kuoga iko tayari." Akamlisha ugali na sombe, akamlaza. Asubuhi, Ijumaa yenyewe, Julienne alipoeleza shida yake, Soraya hakufikiri mara mbili. Alifungua sanduku la nguo, akatoa flashi iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa.

"Chukua, Mama. Bwana yangu nitasema naye mie mwenyewe."

"Na wale wengine waliomo?"

"Wale ni dada zangu. Watanuna, halafu watanyamaza."

Julienne akapumua. Akafungua ordinatere yake, kompyuta ya zamani, juu ya mkeka, wakakaa bega kwa bega kuchagua kipande.

Kwenye kioo akatokea Mama Hawa. Huyo ni mama yake Soraya, aliyekuwa akiuza vitambaa soko la Kasongo, na ambaye sasa ni marehemu. Sokoni alikuwa mama wa kujifunika mpaka kidevuni, hacheki na mtu, bei haipunguzi. Na sasa huyu hapa, kichwa wazi, nywele nyeupe zimesukwa, kajifunga kikwembe kiunoni, anacheza na anawachekesha wenzake mpaka bibi harusi mwenyewe anasahau kulia. Kamera ilimfuata taratibu, haikumwacha, haikumsumbua. Aliyepiga hizi picha anaijua kazi, Julienne akawaza, na roho ikamuuma.

"Tutafute pasipo na Mama," Soraya akasema kwa sauti ya chini.

Wakatafuta. Wakapeleka mbele, wakarudisha nyuma. Mahali ambapo hayumo, wote wanamtazama yeye. Ukimtoa Mama Hawa, kinachobaki ni ukuta na viti.

"Lakini mie ndiye mutoto wake," Soraya akasema. "Nikikupa, nimekupa."

"Unanipa ya kwako, mwanangu. Hii aliifanya mbele yangu kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Nitamuuliza wapi kama nifungue?"

Julienne alijiinua kwa kushika ukuta, akatoka nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu ambapo rezo ya simu inashika, akapiga Kindu. Alitamani simu isipokelewe. Ikapokelewa.

"Direkta, sina."

"Namna gani huna, Mama? Miaka yote hiyo, hata dakika tano?"

"Hata moja."

Bwana Gédéon akasema pole, akasema basi watamchukua mwingine, na kwa sauti yake alikuwa amesikitika kweli. Julienne alibaki amesimama pale juu. Hasira zilimpanda, hasira za kweli: kwa mashangazi wa Nyangwe, kwa Emile, kwake yeye mwenyewe aliyefanya kazi kama mtu anayechota maji na kuwaachia wengine mtungi. Halafu hata hasira zikamchosha, akarudi ndani.

Soraya alikuwa hajaizima ile video. "Kaa, Mama Juli. Tuimalize tu."

Ilikuwa mara ya kwanza Julienne kukaa na kuitazama kazi yake kama mgeni. Kuelekea mwisho, Mama Hawa anakuja mbele, jasho linamtiririka, anacheka, anainyooshea kamera mkono.

"Julienne! Weka hiyo mashini chini, uje ucheze na sisi!"

Na nyuma ya kamera ikasikika sauti ya mwanamke kijana, sauti ambayo Julienne hakuitambua mara moja kuwa ni yake mwenyewe.

"Nitakuja, Mama Hawa. Acha nimalize kazi kwanza."

Mama Hawa anasubiri kidogo, mkono bado umenyooshwa. Kisha anaushusha, anageuka, anarudi katikati ya wenzake. Picha haitikisiki hata kidogo.

Julienne alijifunika uso kwa kikwembe akalia kwa sauti, na Soraya akamshika bega, lile la kulia, akalia naye.