Kakakuona wa Docus

Docus Khainza alipofikisha miaka minane, majirani katika kota za askari jela mjini Jinja walikuwa wameshamzoea: mtoto wa hasira. Akichekwa, alirusha jiwe. Akiambiwa anyamaze, alipaza sauti. Baba yake, Koplo Conrad, ndiye aliyekaa naye wakati wa shule, maana mama yake, Janepher, alikuwa na cherehani yake Malukhu, kule Mbale, na wateja aliowapata kwa miaka sita hakuwa tayari kuwaacha.

Conrad hakuwa katili. Alikuwa tu mtu aliyezoea kutiiwa. Kiswahili alichowatolea wafungwa mchana ndicho alichorudi nacho nyumbani jioni: simama, kaa, nyamaza, toka.

Mwaka ule shule zilipofungwa alimkuta bintiye mlangoni.

"Unaenda kwa Jaja, Buwenge. Mimi kazi iko mingi. Nitakuja Krismasi."

"Ulisema tutaenda wote."

"Docus. Begi."

Basi akaenda, amenuna njia nzima. Jaja Naigaga, bibi yake mzaa mama, alikaa nje kidogo ya mji wa Buwenge pamoja na mwanawe Bogere, aliyekata miwa kwenye mashamba ya watu. Siku mbili Docus alikataa kula. Siku ya tatu, jua likishuka, alikwenda nyuma ya miwa, akakuta kichuguu kirefu kumpita Jaja, akaanza kukipiga mateke. Alikipiga mpaka kiatu kikaachia soli.

Kitu kikatoka kwenye shimo upande wa chini.

Kilikuwa na ukubwa wa mbuzi mchanga, na mkia mrefu mzito. Magamba yalikifunika mwili mzima, yamepangana kama ganda la nanasi. Kilisimama kwa miguu ya nyuma na kuikusanya mikono kifuani, kama afande mkubwa anayekagua paredi.

"Toka!" Docus alipiga kelele.

Mnyama akajikunja, kichwa ndani, mkia juu, akawa mpira. Docus alibaki anautazama ule mpira. Watu wote aliowahi kuwafokea walimfokea pia, au walimchapa. Huyu alijificha. Mtoto akaona aibu, akaketi chini vumbini.

"Pole," alisema. "Si wewe. Ni baba."

Alingoja mpaka pua ndefu ikachungulia tena. Tangu hapo hakukosa kwenda kila jioni. Mnyama alitafuta mchwa, yeye alimweleza ya kota, ya shule, ya mama anayeonekana mara tatu kwa mwaka. Docus akishusha sauti, alimsogelea, akipandisha, alijikunja. Kwa hiyo mtoto akajifunza kusema hasira yake polepole, jambo ambalo fimbo za walimu watatu zilikuwa zimeshindwa kumfunza.

Jaja aliwagundua siku ya tano. Hakupiga yowe. Alisimama kwenye miwa, mkono mdomoni.

"Huyo ni kakakuona, mwanangu. Mama yangu alikuwa Muganda wa ukoo wa Lugave, na huyo ndiye mwiko wao. Hawamli, hawamuui. Mimi nimezeeka sijapata kumwona kwa macho yangu. Usimwambie mtu."

Mkesha wa Krismasi, kwaya ikifanya mazoezi kanisani ng'ambo ya shamba, Docus alikaa kichuguuni akifuatisha wimbo kwa sauti ndogo. Kakakuona alikuja kwa miguu miwili mpaka mbele yake, akautoa ulimi wake mrefu mwembamba, akaugusa mkono wa mtoto. Hapo kichuguu kikafunguka. Kumbikumbi walianza kutoka, kwanza wachache, kisha wingu zima, wakawazunguka wote wawili na mabawa yao yakameta kwenye mwanga wa mwisho wa jua. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili, na kumbikumbi hawatoki pasipo mvua. Kila mtu wa Busoga anajua hilo. Jaja aliona, amesimama kwenye miwa. Alishangaa hata akasahau kukimbilia beseni la kuwakusanyia.

"Anakupa Krismasi," alisema taratibu.

Kesho yake baba na mama walifika kwa gari ambalo Conrad aliliazima kwa mwenzake. Wakasali, wakala matoke na kuku. Siku nzima Docus alikuwa na furaha ambayo wazazi wake hawakuijua, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Jioni alimshika baba yake mkono.

"Nataka kukuonyesha kitu. Lakini uape hutamwambia mtu."

Conrad aliinua mkono kama aliye kizimbani. "Naapa."

Alimwonyesha. Baba alimtazama mnyama kwa muda mrefu, kisha akatoa simu, akapiga picha.

"Ya nini?"

"Ya kukumbuka."

Asubuhi Docus alikuta kichuguu kimebomolewa mpaka chini. Mashimo yamechimbuliwa, mchwa wanahangaika juani. Alirudi mbio uani. Mjomba Bogere alikuwa akiosha jembe.

"Yuko wapi?"

"Nani? Mnyama wa porini hana kwao. Ameondoka."

Jaja alitoka jikoni, akalitazama jembe, akamtazama mwanawe. "Bogere, umekula mwiko wa mama yangu?"

"Sijala, mama."

"Basi umeuza."

Bogere akainamia jembe lake. Docus alimgeukia baba yake, ambaye alikuwa akifunga buti ya gari.

"Mfunge! Wewe si askari? Baba, mfunge!"

"Ingia gari."

"Kwanza umfunge!"

Conrad alimshika bega. Docus alimng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Ilibidi mama yake ambebe na kumweka kiti cha nyuma, wote wawili wakilia, mmoja kwa hasira na mwingine kwa kutoelewa. Walikuwa wanakwenda Malukhu kumalizia sikukuu.

Barabara ya Tirinyi ni ndefu kwa mtu aliyenyamazishwa. Kuna kitu kilikuwa kikikwaruza nyuma ya kiti. Mama alisema ni fenesi alilowapa Jaja linabiringika. Baba aliongeza sauti ya redio.

Malukhu, Janepher alikuwa amepanga vyumba viwili kwenye uwanja mmoja na familia nyingine nne. Conrad aliwaambia waingie ndani, mizigo ataitoa mwenyewe. Saa kumi pikapu ilisimama getini. Docus, dirishani, alimwona baba yake akifungua buti na kutoa gunia. Alilibeba kwa mikono miwili, na lilikuwa la mviringo kama chungu.

Mtoto alitoka nje. Sauti aliyoitoa haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ile ya paredi, aliyoisikia kila alfajiri tangu azaliwe.

"Weka chini! Chuchumaa!"

Mnunuzi aliyeshuka kwenye pikapu, mtu mnene aliyevaa miwani ya jua, alidhani polisi wamefika. Akachuchumaa kweli katikati ya uwanja. Majirani wakatoka milangoni. Conrad alisimama na gunia lake.

"Docus, ingia ndani."

"Siingii! Uliapa! Uliinua mkono!"

"Wewe mtoto, hujui kitu. Hii ni ada yako ya shule—"

"Usinisingizie mimi! Wewe unafungia watu kwa kitu hiki! Ulisema mwenyewe, yuko mmoja amepewa miaka saba kwa pembe za ndovu. Yeye mwizi, na wewe je, afande?"

Hakuwahi kumwita afande. Conrad aliweka gunia chini kana kwamba limemchoma. Mnunuzi aliona watoto tu na wanawake, akainuka, akalikimbilia. Lakini Janepher alifika kwanza. Akaketi chini kando ya gunia na gauni lake la gomesi, la Krismasi, akalikumbatia.

"Anayelitaka apite juu yangu," alisema. "Conrad, siku zote hizi nilikuwa nakwambia mtoto ana hasira za bure. Leo nimeona zilikotoka."

Alifungua fundo. Mpira wa magamba ulitoka, umekazana, na kidonda cha jembe pembeni. Docus alipiga magoti. Alikuwa bado na ghadhabu, lakini alijua ghadhabu haitamfungua huyu. Akaanza wimbo wa kwaya ya Buwenge, kwa sauti ndogo. Pua ikatoka. Kisha kakakuona akasimama kwa miguu miwili, akampita Conrad bila kugeuka, akachechemea mpaka kwa mtoto, akaegemeza kichwa chake kwenye goti lake.

"Subhanallah," alisema Twaibah, jirani muuza vitenge, machozi yakimtoka. Ndiye aliyepiga simu kwa watu wa wanyamapori. Pikapu ilikuwa imeshatoweka.

Walipofika waliuliza gunia ni la nani. Majirani waliangalia miguu yao. Afande ni afande. Docus aliinua kidole, akamwonyesha baba yake. Na Conrad, nikubali hapa, hakukana.

Alilala mahabusu, akapoteza kazi. Bogere alipokamatwa baadaye alimpigia dada yake simu akilia: "Mnyama ana thamani kuliko baba mzazi? Kuliko mjomba?" Janepher alimjibu kwamba ni wao wenyewe waliojiweka kwenye mizani hiyo, akakata.

Kakakuona alitibiwa, akaachiwa msitu wa mlimani. Watu wa wanyamapori waliopiga simu kutoa habari hawakufikiria kwamba kuna mtoto angependa kuaga. Docus alivunja vikombe viwili siku hiyo, na mama yake hakumgombeza. Kila aliyemwambia "ni mnyama tu" aliondoka na jibu lake.

Sasa ana miaka kumi na minne, anasoma Mbale. Conrad ni fundi wa kujenga kuta huko Jinja, na huja Malukhu kila Krismasi. Miaka minne alikula akazungumzia mvua, bei ya saruji, siasa. Mwaka jana aliweka kijiko chini.

"Nilikosa," alisema.

"Kwa nani?" Docus aliuliza.

"Kwako."

"Na Jaja?"

Conrad alitoa simu, akampigia mama mkwe wake palepale mezani. Akalirudia neno lilelile.

"Nimesikia," Jaja alisema. "Kichuguu kimeota tena, kimefika kiunoni. Njoo ukizungushie ua kwa mikono yako. Na huyo Bogere nitamwamsha akuchanganyie udongo."

Conrad alimtazama bintiye, akangoja. Docus alikuwa anakusanya sahani.

"Nitakuja kukagua," alisema, na hakutabasamu.