Mawe Ishirini na Moja ya Mzee Kasindi

Nilianza kazi Jumatatu saa mbili asubuhi, na kufikia saa nne nilikuwa nimeshaiua riwaya ya Mzee Kasindi. Nilitumwa kufagia tu. Nikakuta kwenye sakafu ya chumba chake mafungu ishirini na moja ya karatasi, kila fungu limekaliwa na jiwe. Karatasi hazina namba. Nikaona huu ni uchafu wa kisomi. Nikazikusanya zote, nikazipanga upya kwa akili zangu, nikazifunga kamba. Mawe nikayatia mfukoni, nikashuka nayo ufukweni Bangwe kushindana na rafiki yangu Hamidu kuyarusha yaruke juu ya maji. Jiwe langu bora liliruka mara saba. Hamidu alikubali kushindwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Wastaafu hupenda kuwaeleza vijana jinsi kazi ilivyofanywa zamani zao. Mimi nimestaafu nikiwa Kidato cha Tatu, baada ya utumishi wa wiki tano, kwa hiyo ninyi wa Kidato cha Kwanza kaeni vizuri mnisikilize.

Nilikuwa na wakubwa wawili. Mkuu wa Idara alikuwa mama yangu, karani mchapaji wa ofisi ya mkoa, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Singida. Yeye huamini kuwa kazi yoyote huanza kwa ufagio. Ndiye aliyenifundisha taipureta yake, mashine nzito kama ndama, na karatasi ya kaboni unayoipachika katikati ya karatasi mbili ili upate nakala. Ukikosea juu, umekosea na chini. Mama huliita somo hilo adabu.

Mkurugenzi alikuwa Mzee Kasindi. Alivuka ziwa akitokea Uvira, mji wa ng'ambo, mwaka ule ambao mitumbwi ilikuwa ikishusha watu kama dagaa. Wakimbizi walikaa kambini, lakini yeye alipewa kibali cha wiki sita kuja mjini kutibiwa macho, akapanga chumba chetu cha uani hapa Buzebazeba. Majirani walimjua kama mzee anayepapasa ukuta akienda chooni. Kumbe ng'ambo alikuwa mtu mkubwa. Barua zake zilikuja na stempu ambazo postamasta alitamani kuzibandua. Alikuwa ameandika riwaya nne kwa Kifaransa, zile za kisasa ambazo wazungu humpa mtu tuzo kwa sababu hawajamwelewa. Nilimuuliza moja inahusu nini.

"Mwanamuke anachemusha maharage."

"Halafu?"

"Anachemusha."

"Kurasa ngapi, Mzee?"

"Mia mbili na kumi. Mwisho yanaungua."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye naye alicheka. Akanieleza kuwa mtu akisimama jikoni, kichwani mwake wanapita wafu wake wote, madeni yake yote, wimbo wa shuleni na jirani aliyemtukana, na vyote hivyo havipangi foleni. Waandishi wa zamani walivipangisha foleni. Yeye alikataa.

Riwaya ya tano ndiyo iliyokuwa sakafuni. Hii aliiandika kabla macho hayajafifia, kwa Kiswahili, kwa sababu ilimhusu mwanawe, Feruzi, na Feruzi alikuwa akiota kwa Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kuuchapa muswada, yaani kitabu kabla hakijawa kitabu, upelekwe kwa wachapishaji kabla kibali hakijaisha.

Sasa rudini kwenye ile Jumatatu. Alirudi kutoka hospitali saa saba. Wakati huo macho yake yaliona nuru tu. Nilisimama mlangoni nikiwa najisifu moyoni. Akaingia, akanyanyua mguu juu, akavuka fungu ambalo halikuwepo. Akapiga hatua ya pembeni kukwepa jingine ambalo halikuwepo. Kisha akainama, akapapasa sakafu, akapapasa tena.

"Katibu," aliniita, "mawe iko wapi?"

"Nimekusaidia, Mzee. Mambo yalikuwa yamevurugika. Feruzi anakufa mwanzoni, halafu huku mbele yuko hai anagombania kichwa cha samaki. Nimeweka sawa. Sasa anazaliwa, anakua, anakufa. Inaeleweka."

"Inaeleweka," alirudia.

"Eeh."

"Nani alikuambia ieleweke?"

Alikaa kitandani, akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Sakafu ile ilikuwa nyumba yake ya Uvira. Fungu la kwanza lilikuwa mlangoni, na humo ndimo mlimokuwa na kifo. Msomaji anakikanyaga akiingia, anakipita. Anapita sebuleni, jikoni, kwenye korido ndefu, kila fungu mahali pake, mpaka chumba cha mwisho. Humo Feruzi ana miaka tisa, baba yake anamwamsha aende shule, na kitabu kinaishia hapo, mtoto akiamka. Kwa kuwa haoni, kila fungu alilijua kwa jiwe lake: lenye kovu, lenye tundu, lililopasuka. Mawe ndiyo yaliyokuwa namba za kurasa.

"Miaka miwili nilitafuta njia mutoto asifie mwisho," alisema. "Weye kwa saa mbili umeipata ya kumuua."

Hakupandisha sauti, hata nilipokiri kuwa mawe yako ziwani. Angepandisha, ningejitetea.

Mama alipotoka kazini nilimwambia yote. Nilitegemea fimbo, hata nilikuwa nimevaa kaptura mbili. Alikaa kwenye kiti cha taipureta, kisha akautazama ufagio uliokuwa umeegemea ukuta.

Ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Kila siku nilimsomea karatasi moja moja, naye alisikiliza na kusema iende wapi. Karatasi zilipita mia nne na nilikuwa nimezichanganya zote, za fungu hili zimeingia lile. Mwanzoni nilisoma kama kasuku mwenye mafua. Wiki ya pili nilianza kumwahi. "Hii ya jikoni," nilisema, naye alitikisa kichwa kukubali. Niseme ukweli, nilijisikia mtu. Lakini tukifika kwenye korido alipotea. Alikuwa na karatasi zinazofanana, za Feruzi kupita tu, akienda bafuni, akirudi, akipiga mluzi, na mpangilio wake ulikuwa mkononi mwake, si kichwani. "Nipe jiwe nikumbuke," alisema mara moja, kisha akafunga mdomo kama aliyetukana.

Kwa hiyo nilikwenda Bangwe na Hamidu, tukaokota mawe ishirini na moja. Tuliyachagua kwa makini: lenye kovu, lenye tundu, lililopasuka. Hamidu alizamia mara kadhaa akitafuta yale yenyewe, akatoka midomo imekuwa ya bluu, mkononi ana kisoda. Nikampelekea Mzee yale mawe kwenye sufuria.

"Tumeyapata, Mzee."

Akalichukua moja, akalizungusha kwa kidole gumba. Akachukua la pili. Alipofika la tatu aliyarudisha.

"Hii ya Bangwe."

"Mzee, ziwa si ni moja?"

"Ziwa ni moja. Feruzi hakucheza upande huu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa mawe yale ya kwanza yalikuwa ya mtoto. Alikuwa akiyapanga dirishani. Baba yake alikimbia nayo mfukoni, na vingine vyote vilibaki. Jiwe langu bora liliruka mara saba.

Wiki ya tano mama aliomba ruhusa kazini, akaenda na Mzee kwa Afisa wa Vibali kuomba muda zaidi. Afisa alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotumaliza.

"Kibali hiki ni cha macho, Mama," alisema. "Daktari ameandika hapa kuwa hakuna matibabu yaliyobaki. Sasa nimwongezee muda wa nini?"

"Wa kitabu," mama alijibu.

"Sina fomu ya kitabu."

Kibali kilipoisha, lori la kambini lilikuja asubuhi. Sakafuni yalikuwepo mafungu manane: mlangoni, sebuleni, jikoni, na mwanzo wa korido. Yaliyobaki yalikuwa kwenye boksi. Mzee alisema kambini kuna mvua na panya, karatasi zikae kwetu. Nilimshika mkono mpaka kwenye lori.

"Katibu," aliniambia, "ulisoma muzuri."

Natamani asingesema hivyo.

Masika yalipoanza, mwenzake wa kambini alipita kuleta salamu za msiba. Mzee alikuwa ameugua siku nne. Nilimuuliza mgeni kama Mzee alisema lolote kuhusu korido. Yule bwana alifikiri nimechanganyikiwa.

Wastaafu wengine huagwa kwa saa ya ukutani. Mimi nina nusu nyumba kwenye sakafu ya uani. Nimejaribu kuimalizia. Natoa karatasi kwenye boksi, naiweka, najua nimekosea, naitoa. Karatasi ya mtoto kuamka naijua, ninayo, naweza kuiweka mwisho hata sasa hivi. Lakini korido imekatika, na hakuna anayeweza kumfikia. Ukifuata ule mpango wangu wa kamba anafikika vizuri kabisa, na amekufa.

Jumamosi baada ya salamu zile niliamka, nikachukua ufagio kama kawaida ya nyumba yetu, nikaelekea uani. Mama alikuwa akitengeneza utepe wa taipureta, vidole vyake vyeusi kwa wino. Hakugeuka.

"Rudisha ufagio, Gervas. Chumba kile hakifagiliwi tena."